Mama Mnara Anajibu: Kahawa ya Mwezi Mzima

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu ndege. Anayejibu ni mwongoza ndege mstaafu, mkazi wa Dodoma.

SWALI: Shikamoo Mama Mnara. Sisi ni vijana wanne wa kijiwe cha kahawa hapa Chang'ombe, Dodoma. Kila jioni tunabishana ni ndege ipi ya jeshi iliyo kiboko ya zote tangu binadamu aanze kuruka. Mmoja anasema F-22, wa pili MiG-21, wa tatu Spitfire, na mimi nasimama na SR-71 Blackbird. Tumewekeana dau: mshindi atakunywa kahawa na kashata bure mwezi mzima, watatu waliobaki walipe. Tumekubaliana kwamba neno lako ndilo la mwisho.
Msemaji wa kijiwe, Chang'ombe

JIBU: Marahaba, wanangu. Barua yenu niliisoma kwa sauti ili mume wangu naye asikie, akaguna tu. Yeye ni mtu wa treni. Mimi nimefurahi. Heri mgombanie ndege kuliko Simba na Yanga, ingawa matusi mliyoyaandika pembeni mwa ukurasa wa pili naona ni yaleyale.

Kabla ya hukumu niwaambie ninavyopima. Mimi nilikaa mnarani, sikukaa kwenye kiti cha rubani. Rubani anaipenda ndege kwa inachofanya ikiwa juu. Sisi wa mnarani tunaiona ikija, ikitua, ikigoma kuwaka, ikisubiri kipuri kutoka Dar, ikiruka tena au ikilala pale pembeni mpaka shore wajenge kiota kwenye injini. Kwa hiyo ndege yoyote ya jeshi naiuliza kwanza inadai nini huku chini ili ifanye kazi kule juu, na ni nchi ngapi zinaweza kuipa hicho inachodai.

Nianze na wa F-22, maana nahisi ndiye mwenye sauti kubwa hapo kijiweni. Ndege yako ni hatari, sibishi. Rada inaihangaikia, na inapita kasi ya sauti bila hata kuwasha moto wa ziada wa mkiani. Iliingia kazini Desemba 2005. Lakini Marekani wenyewe waliunda chini ya 200, kazi ikafungwa mwaka 2011, na sheria yao inakataza kuiuza hata kwa rafiki wa damu. Mara yake ya kwanza kuangusha kitu angani ilikuwa Februari 2023, nje kidogo ya pwani ya South Carolina. Kitu chenyewe kilikuwa puto la Wachina. Mwacheni kijana ajibu hoja ya puto kwanza, ndipo aulizie kashata.

Wa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, nakuheshimu. Iliruka mara ya kwanza Machi 1936, na hadi uundaji wake unasimama mwaka 1948 zilikuwa zimetoka zaidi ya 20,000. Ila niambie, hapo kijiweni mmewahi kumtaja Beatrice Shilling? Najua hamjawahi.

Mwaka 1940 marubani wa Spitfire walikuwa na aibu moja waliyoificha kwa wageni. Injini yao, Merlin ya Rolls-Royce, ilitumia kabureta. Rubani akisukuma usukani mbele ghafla ili ainamishe pua amfuate Mjerumani anayekimbilia chini, mafuta ndani ya kabureta yanarushwa juu, injini inakohoa. Kisha yanaingia mengi kupita kiasi na injini inazama kwenye mafuta yake yenyewe. Mjerumani ndani ya Messerschmitt 109 hana habari na shida hiyo, kwa sababu injini yake inasukumiwa mafuta kwa pampu moja kwa moja. Anainamisha pua, anapotea. Mwingereza ilimbidi aipindue ndege mgongo chini kwanza ndipo ashuke, na kufikia hapo mwenzake yuko mbali.

Shilling alikuwa mhandisi pale Farnborough, kituo cha Waingereza cha utafiti wa ndege, na mwendesha pikipiki wa mashindano. Alibuni kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, mfano wa ile washa ya bomba mnayonunua dukani pale Majengo. Tundu lilipimwa lipitishe mafuta ya kuitosha injini ikiwa kwenye nguvu zake zote, yasizidi hapo. Kilifungwa kwenye njia ya mafuta bila kuitoa ndege kazini. Mapema mwaka 1941 mama huyo na timu yake ndogo walizunguka viwanja vya ndege za kivita wakikifunga, kimoja baada ya kingine. Hakikumaliza tatizo lote, lakini kiliwavusha marubani mpaka kabureta bora zilipopatikana. Watu wakiisifu Spitfire kwa uzuri wa bawa lake, mimi nakiona kile kishaba.

Hata hivyo sikupi ushindi. Spitfire ilikuwa na pumzi fupi. Iliundwa kulinda nyumbani, na hapo nyumbani ilifanya makubwa. Lakini ilipofika kazi ya kuzisindikiza ndege za mabomu hadi Berlin na kurudi, ikabidi iitwe Mustang ya Wamarekani, yenye Merlin ileile tumboni na matangi ya ziada chini ya mabawa.

Wewe wa MiG-21 umenigusa, kwa sababu hiyo ndiyo ndege ya upande wetu wa dunia. Urusi ya Kisovieti peke yake iliunda zaidi ya 10,000. India waliziunda kwao kwa kibali, Wachina wakatoa nakala yao inayoitwa J-7, na jeshi letu limerusha ndege za ukoo huo. India walizipokea za kwanza mwaka 1963, wakaziaga Septemba 2025. Ni nyepesi, haina mambo mengi, inafika mara mbili ya kasi ya sauti, na bei yake nchi isiyo tajiri iliimudu. Ubaya wake ni tumbo dogo. Rubani akiwasha ule moto wa mkiani, mafuta yanakwisha huku anayatazama. Na inatua kwa kasi ambayo mwongoza ndege yeyote akiiona lazima ainuke kwenye kiti.

Na tusidanganyane kuhusu Vita vya Kagera. Ndege za kivita zilipiga kelele nyingi kuliko kazi. Za Amini zilikuja kudondosha mabomu zikakutana na askari wetu wenye makombora ya Strela, yale ya kubeba begani. Machi 1979 Gaddafi naye alituma Tupolev Tu-22, dubwana linalopita kasi ya sauti, likapige hifadhi ya mafuta Mwanza. Likaukosa mji mzima. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Ushindi wetu uliletwa kwa miguu na malori, wanangu, waulizeni wazee wenu waliokwenda.

Sasa wewe msemaji na Blackbird yako, ndege ya upelelezi ya Wamarekani. Julai 1976 ilikimbia zaidi ya kilomita 3,500 kwa saa. Ziliundwa 32, zikapotea 12 kwa ajali, na adui hakuwahi kuidungua hata moja. Ikiwa chini ilivuja mafuta, kwa sababu bati zake ziliachiwa nafasi za kutanukia kwa joto. Ikapaa na mafuta machache, ikanyweshwa mengine angani na ndege ya tanki. Bati zilikuwa za titani, na sehemu kubwa ya titani hiyo Wamarekani waliinunua Urusi kupitia kampuni za kificho, wakaundia ndege ya kumchungulia muuzaji. Kwa utamu wa simulizi umeshinda, pokea kashata moja. Lakini ndege inayodai tanki angani kila safari, mafuta ya aina yake peke yake, na rubani aliyevaa kama anakwenda mwezini, hiyo hata tajiri inamchosha. Mwaka 1990 jeshi la anga la Marekani liliipumzisha kwa sababu ya gharama. Iliporudishwa miaka michache baadaye haikukaa.

Aliyeongoza kuibuni ni Kelly Johnson wa kampuni ya Lockheed. Mwaka 1951 kampuni hiyohiyo ilikuwa inaandaa mchoro wa ndege ya mizigo ya jeshi, kitu kinene, chenye pua fupi na pangaboi nne. Johnson aliutazama akaonya kwamba wakiupeleka wataiua kampuni. Wakaupeleka. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza tarehe 23 Agosti 1954, na hadi leo ninapoandika bado inaundwa mpya. Ni C-130 Hercules, na ndiyo hukumu yangu.

Sikieni kelele ziishe kwanza. Mliniuliza ndege ya jeshi, na jeshi si risasi tu. Jeshi ni unga, maji, mahema, majeruhi, betri za redio na askari wenyewe. Tazameni Hercules ilivyoumbwa. Sakafu ya tumbo lake iko usawa wa sakafu ya lori, kama mita moja kutoka ardhini, kwa hiyo lori linarudi nyuma hadi kwenye mlango wa mkiani na mzigo unasukumwa ndani bila winchi. Mabawa yako juu ili pangaboi zisile mawe. Magurudumu yamepangwa moja nyuma ya jingine kwenye mashavu ya mwili, yameshiba, yanatua kwenye udongo. Mwaka 1963 Wamarekani waliitua mara 21 juu ya manowari ya kubeba ndege, USS Forrestal, bila ndoano ya kuikamata. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, Hercules nne za Israeli zilitua Entebbe kwa Amini huyohuyo, zikaondoka na mateka, zikapitia Nairobi kujaza mafuta. Aprili 1975, Saigon ikianguka, moja iliruka na watu 452 ndani, ilhali imepimwa kwa askari 92. Na njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 na 1985? Hercules za Uingereza zilipita chini kabisa juu ya milima zikimwaga magunia ya nafaka. Mgogo akisikia hilo hahitaji kuelezwa zaidi.

Mkitaka bunduki, nayo anayo. Ipo aina yake yenye mzinga wa milimita 105 unaotokea ubavuni. Mimi hainivutii.

Labda ninyi mngeniambia nina upendeleo wa ndege za mizigo, na ni kweli ninao. Miaka ya mwanzo jeshi letu lilirusha ndege za Kikanada, Otter na Caribou, baadaye ikaja Buffalo. Buffalo ikija kutua hapa Dodoma mchana wa Septemba, vumbi jekundu, chamchela inakata njia ya kurukia katikati, ilikuwa inashuka kwa mwinuko ambao abiria wa ndege za kawaida wangepiga yowe. Pua chini, mkia juu, vibawa vya nyuma vimefunguliwa vyote. Inagusa, pangaboi zinageuza pumzi, vumbi linaipita kwa mbele, na kabla hujamaliza kuandika saa kwenye daftari imesimama, rubani anaomba ruhusa ya kugeuka hapohapo kwa sababu njia iliyobaki haina kazi naye. Mlango wa nyuma unashuka. Wanatoka askari, mapipa, wakati mwingine mama mwenye mtoto mgonjwa. Ndege za kivita zilipita pia, zikatetemesha vioo. Hakuna aliyeteremka kutoka ndani yake.

Mzee mmoja hapo kijiweni atauliza kuhusu Dakota, yaani C-47, na atakuwa na haki. C-47 ziliundwa zaidi ya 10,000; Jenerali Eisenhower aliitaja pamoja na buldoza, gari la jeep na lori miongoni mwa vifaa vilivyochangia zaidi ushindi wa Vita vya Pili; na ndiyo iliyoanza kuilisha Berlin iliyofungiwa njia za nchi kavu mwaka 1948. Shirika la East African Airways liliirusha miaka mingi katika nchi zetu. Nimeipima na Hercules mpaka usiku. Kilichoamua ni kwamba Dakota alikuwa raia, ndege ya abiria iliyoitwa jeshini vita vilipokuja. Hercules ni askari tangu tumboni.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja, kwa hiyo kila mtu atajilipia kahawa yake. Mwenye birika asamehewe.

SWALI: Mama Mnara, mwezi uliopita uliandika kwamba katika Mapigano ya Uingereza ya mwaka 1940, Hurricane iliangusha ndege nyingi za Wajerumani kuliko Spitfire. Nimefundisha historia maisha yangu yote na sijawahi kusikia. Thibitisha.
Mwalimu mstaafu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Neno langu liko palepale. Hurricane zilikuwa nyingi zaidi. Vikosi vyake vilizidi vya Spitfire kwa mbali majira yale ya kiangazi, na zaidi ya nusu ya ndege zilizoangushwa na wapiganaji wa Uingereza ni kazi yake. Spitfire ilikuwa na kasi zaidi, basi mara nyingi ilielekezwa kwa Messerschmitt, na Hurricane kwa ndege za mabomu, japo hewani mipango huwa haifuatwi.

Kuna jambo jingine ambalo fundi yeyote atalipenda. Sehemu ya nyuma ya Hurricane ilikuwa mabomba ya chuma, mbao na kitambaa. Risasi ikipita kwenye kitambaa inatoboa tundu tu. Mafundi wa kikosi wanashona, wanapaka rangi, kesho inaruka. Spitfire ya bati ikipata jeraha hilohilo mara nyingi ilihitaji karakana. Kwa nini basi Spitfire ndiyo iliyobaki midomoni? Nadhani ni uzuri, mwalimu, na ule mngurumo. Hata darasani wewe unajua ni mtoto gani anayekumbukwa.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko kidato cha nne, Kondoa. Tumebishana na wenzangu kama ndege za kivita zimewahi kupigana katika ardhi ya Tanzania kabla ya Vita vya Kagera. Mimi nasema ndiyo, wao wanasema hapana. Nani yuko sahihi?
Msichana wa kidato cha nne, Kondoa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliye sahihi, na jibu lenyewe linafika mpaka mlangoni kwenu.

Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza, manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Mikoko, matope, mito inayogawanyika mara kumi. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, na kutoka baharini hawakuiona. Wakamkodi rubani raia, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege za Curtiss za kuelea majini kule Durban. Rejeta ya injini ikaharibika. Unajua walipata wapi nyingine? Walitumia ya gari la Ford kutoka Mombasa. Kwa rejeta hiyo ya gari Cutler akaruka, na Novemba 1914 akaiona meli kwenye mikoko. Mwezi uliofuata injini ikamshusha katikati ya delta, akatekwa.

Zikaletwa ndege nyingine, za Sopwith. Hizo pwani yetu iliziumbua. Gundi ikalegea kwa joto na unyevu, pangaboi za mbao zikaanza kuachana, na hewa ya moto haikutaka kuzibeba na mabomu. Mwishowe wakatengeneza kiwanja kisiwani Mafia, wakaleta Farman na Caudron za magurudumu. Kazi yake haikuwa kupiga bomu. Zilitakiwa kuzunguka juu na kuwaambia kwa redio, kwa alama za Morse, wapiga mizinga wa meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, kwamba risasi imeanguka mbali, karibu, kushoto, kulia. Kwa maneno mengine, mjukuu, ilikuwa kazi yangu, ila wao waliifanya wakiwa juu wakiwaongoza walio chini.

Jaribio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. Tarehe 11 walirudi. Farman ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ikapigwa na mizinga ya Königsberg, injini ikafa. Wakati Cull anaielekeza ndege mtoni ikishuka bila injini, Arnold aliendelea kugonga masahihisho ya shabaha, akatuma na ujumbe kwamba wamepigwa na wanaomba mashua. Wakaanguka majini karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Siku hiyohiyo Königsberg ikamalizika.

Na Kondoa inaingiaje? Wajerumani waliopoa mizinga kumi ya meli hiyo, wakaifunga magurudumu na kuiburuta nchi nzima. Mapigano ya Kondoa Irangi ya mwaka 1916, wazee wenu wakiyasikia kutoka milimani, mzinga wa Königsberg ulikuwemo. Waambie wenzako hivyo.

Nakuongezea moja la kuwanyamazisha kabisa. Novemba 1917 Wajerumani walituma chombo cha kuelea angani, Zeppelin L59, kirefu zaidi ya mita 220, kutoka Bulgaria, kiwaletee wanajeshi wao huku dawa na risasi. Kilifika Sudan, upande wa Khartoum, kikapokea ujumbe wa redio kikageuza. Kilikaa hewani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757 bila kutua. Sijui mababu zetu wangekiitaje kingetokea juu ya mawe ya Kolo.

SWALI: Mama, naendesha lori, napita Dodoma kila wiki. Nimesikia ndege hapa mchana zinaruka kwa shida kuliko Dar. Ni kweli? Na je, hiyo F-22 wanayoisifia vijana inaweza kuruka hapa?
Dereva wa lori, Manyoni

JIBU: Ni kweli, na wewe unalijua tatizo lenyewe kwa sababu injini yako ya dizeli bila turbo inachoka ukipanda. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, bawa linapata cha kushika kidogo, injini inavuta pumzi pungufu. Ongeza jua.

Wapangaji wa viwanja wana kanuni: kila mita 300 za mwinuko, ongeza urefu wa njia kwa asilimia 7, kisha kila nyuzi moja ya joto kupita kiwango cha vitabuni cha mwinuko huo, ongeza asilimia 1. Kiwango cha hapa ni kama nyuzi 8. Mchana wa nyuzi 31 umezidi kwa 23. Ndege iliyotosheka na mita 2,000 usawa wa bahari itadai karibu 3,100 hapa. Ndiyo sababu kiwanja kipya cha Msalato kimepewa njia ya mita 3,600, na ndiyo sababu nilipokuwa kazini marubani wenye mzigo walipenda kuondoka alfajiri.

F-22 ingeruka bila wasiwasi, nguvu inazo za kumwaga. Tatizo ni msafara wake: mafundi wa kutunza ngozi inayoikwepa rada, mitambo yao, vipuri, banda lisilo na vumbi. Hivyo vyote vingeletwa na ndege gani? Waulize vijana wa Chang'ombe.

SWALI: Dada, mwanangu ana miaka 15, hana habari na kitu kingine ila ndege za vita. Kajaza daftari la hesabu michoro ya ndege, nimemnyang'anya. Hii kitu ina ajira au anapoteza muda?
Mama wa Kizota

JIBU: Mama mwenzangu, pole na hongera kwa pamoja. Ajira ipo, lakini iko mbali na kuijua kasi ya F-22 kwa kichwa. Njia ni fizikia, hesabu na Kiingereza cha kusoma vitabu vya mafundi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha ufundi wa ndege. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ina chuo chake Dar es Salaam kinachofundisha waongoza ndege. Akitaka ndege za jeshi hasa, hiyo ni safari ya JWTZ, nayo ina masharti yake, afya ikiwa ya kwanza. Mpime macho mapema, usisubiri kidato cha sita.

Nimetazama ule ukurasa uliouambatanisha. Amechora MiG-21, na koni ya puani ameiweka mahali pake, kitu ambacho watu wazima wanakikosea. Pembe ya bawa nayo nimeipima kwa kipimapembe: iko karibu sana na ya kweli, nyuzi 57. Daftari mrudishie, mnunulie na jingine la hesabu.